Farumi Iliyothibitishwa na Kamati

Kwa furaha kubwa, Kamati ya Maji ya Farumi na Madaraja ya Vyombo inautangazia umma kwamba kuanzia sasa hakuna tone litakaloingia wala kutoka Mtwara kiholela. Farumi, kwa wasiojua, ni uzito unaowekwa kwenye chombo kitupu kisiyumbe. Meli hujaza maji. Maji hayo hubeba viumbe wa bandari za watu, na sisi tumesema basi.

Meli kubwa zina wenyewe, kwa hiyo tulianza na boti ya Bi Mwanakombo. Mama huyu huleta muhogo mjini kutoka mlango wa mto Ruvuma, kisha hurudi na madumu manane ya maji ya bahari. Ndani ya dumu la tatu, mtaalamu wetu wa sampuli, Witness, alimkuta kaa ambaye uraia wake haukuthibitika.

Tukachukua madumu, tukaifunga boti kwa utepe hukohuko kwake mtoni, tukamtaka alete mchoro wa mfumo: pampu mbili, chujio, taa ya kuua vijidudu, nakala nne, ndipo boti ipewe daraja na cheti cha kusafiri.

"Baba, muhogo nimeshang'oa," alisema. "Utaoza."

"Uoze kwa kufuata taratibu," alijibu Mwenyekiti, Mhandisi Godfrey, kwa upole.

Ukaoza, matenga sita. Mimi, Katibu, niliona aibu, lakini sikuiingiza kwenye muhtasari.

Wiki iliyofuata tulikwenda Ruvuma na boti yetu ya mfano, yenye mfumo kamili na tani mbili za maji. Ilitulia sana. Ilitulia zaidi ilipokwama kwenye fungu la mchanga, maji yakianza kupwa.

"Tumwage maji, ielee," Witness alisema.

"Kanuni ya tisa," Mwenyekiti akamkatiza. "Hakuna kumwaga kabla ya majibu ya maabara. Siku saba."

"Si Kamati itoe kibali?"

"Kikao hukaa ofisini mjini, Shangani. Hapa hatuna mamlaka."

Tulipomaliza kujadili, bahari ilikuwa imeshaondoka. Boti ikalala ubavu, tangi likapasuka. Maji yakirudi yangeingia ndani, na Mwenyekiti hajui kuogelea.

Namba ya Bi Mwanakombo ilikuwa kwenye fomu ya kumfungia boti. Nikapiga.

"Mama, njoo utuchukue, tunazama!"

"Na boti ipi? Hii yenye utepe wenu?"

"Kata huo utepe!" Mwenyekiti alipiga kelele.

"Hapana, baba. Mie naogopa sheria. Nipeni daraja kwanza."

Mwenyekiti akalitangaza fungu la mchanga kuwa tawi la ofisi. Tukakaa kikao, tukampa Daraja la Kwanza, nikamsomea cheti kwa simu, neno kwa neno. Alipofika, maji yalikuwa magotini.

"Kaeni chini kabisa, katikati," alituambia. "Upepo mkali, na madumu yangu mnayo nyie. Kazi yake mtaifanya wenyewe."

Tukakaa. Kisha akataka sehemu ya farumi kwenye cheti ijazwe palepale, la sivyo haondoki.

Aina ya farumi: nikaandika Kamati, watu watatu. Uzito: Mwenyekiti akajitajia kilo tisini. Bi Mwanakombo akamtazama tumbo, akasema mia na kumi. Nikaandika mia na kumi.

Kisanduku cha mwisho kiliuliza kama farumi hiyo ni salama kwa wakazi wa pwani. Mwenyekiti akasema ndiyo.

Bi Mwanakombo alitutazama mmoja mmoja, bila haraka.

"Hapo weka hapana," alisema.

Nikaweka hapana. Mwenyekiti akatia sahihi.