Sketi ya Fundi Kesho

Jumatatu, 5 Januari
Shule ya binti yangu imepandisha tena bei ya sare. Habari njema!

Asubuhi nilipita duka la shule kuulizia. Wazazi tele, kila mmoja analalamika. Sketi bei ya kitanda. Soksi zinauzwa mbali, viatu mbali, tai mbali, shati mbali. Baba mmoja aliuliza kama vifungo navyo vinalipiwa dirisha la pili. Nikatikisa kichwa kama mwenye uchungu. Moyoni nashangilia! Tangu mimi na mama yake tuachane, yeye analipa ada, mimi sare na vitabu. Mtoto anaishi kwake. Kwa hiyo kila kinachodaiwa na shule, kwangu ni sababu ya mtoto kuja. Wangedai na mwavuli ningewapigia makofi.

Tatizo moja. Dukani unanunua vyote siku moja, kwisha habari. Nimepata wazo: nitamshonesha kwa fundi! Fundi anapima, anajaribisha, anarekebisha. Tena si fundi yeyote. Ni jirani yangu tunayemwita Kesho. Hajawahi kumaliza nguo siku aliyoahidi. Kuna bwana harusi alioa na suruali ya kuazima kwa sababu yake. Nampenda sana mtu huyu.

Nilimpigia simu mama wa binti, nikamwambia kwa fundi ni nafuu. Akasema sawa, ila shule inafunguliwa Jumatatu ijayo, nisimletee mambo yangu. Mambo gani tena?

Jumanne, 6 Januari
Binti kaja kupimwa. Amekua! Ananifikia begani, wala sikuambiwa. Kesho akapima kiuno, akapima urefu. Nikasema apime na mikono. Kisha nikasema apime na kichwa. Kesho akauliza sketi siku hizi zinavaliwa wapi. Binti alicheka mpaka akashika mbavu.

Nilikuwa nimedeki chumba, nimeondoa pasi mbovu za wateja kwenye kochi (natengeneza pasi na feni, na karakana ndiyo hiyo hiyo sebule). Hakuingia. Mjomba wake, kaka wa mama yake, alikuwa nje na gari, anapiga honi. Mtu huyu hajui kubisha hodi. Nimembatiza Bwana Honi. Soda niliyomnunulia mtoto nimeinywa mwenyewe.

Alhamisi, 8 Januari
Balaa! Kesho amemaliza sketi. Tena siku moja kabla ya ile aliyoahidi!

Nilimuuliza kulikoni. Akasema nguo ya mwanafunzi haifanyiwi mzaha. Miaka nenda miaka rudi anazungusha watu wazima, leo ndipo roho inamsuta! Nikamwomba aikosee kidogo, kiunoni tu. Akaniuliza kama nimekula kitu kibaya.

Nimeichukua hadi nyumbani. Nikaanza kufumua kiuno kwa wembe, polepole, kitaalamu. Wembe ukateleza. Sasa sketi ina mpasuko hadi karibu na pindo. Ukiitazama kwa mbali si mbaya sana.

Ijumaa, 9 Januari
Nimeirudisha kwa Kesho mapema, nikaitundika alipokuwa anapiga mswaki. Binti kaja kujaribu. Akauona ule mpasuko. Kesho akaitazama sketi, akanitazama mimi, akaitazama tena sketi. Nikajua leo naumbuka. Akasema ni kosa lake, mkasi ulimponyoka. Akamwambia binti: njoo kesho.

Sijawahi kusikia maneno matamu kama hayo! Lakini mtoto alipoondoka nikamshukuru Kesho. Aliendelea kukanyaga cherehani kama sipo. Nimerudi ndani, nikawasha feni ya mteja ili angalau kuwe na sauti.

Jumamosi, 10 Januari
Nimekaa kibarazani kwa Kesho tangu asubuhi. Mtoto hakuja. Mchana simu ya mama yake. Bwana Honi amekwenda duka la shule, kanunua kila kitu: sketi, sweta, soksi, tai, hata mkoba. Bei hakuuliza! Mama yake hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema kwa upole kwamba nisijisumbue na sare, anajua hali yangu. Nikaomba kuongea na binti. Akasema yuko kwenye kioo, anajitazama.

Hali gani? Pesa ya sare ilikuwepo, naiona hapa mezani. Ila sasa mtoto hana la kuja kufanya kwangu. Nimelia kidogo. Naandika ukweli kwa sababu hakuna anayesoma.

Jumapili, 11 Januari
Kaja! Peke yake, kwa miguu, bila honi! Akasogeza pasi mwenyewe, akakaa. Akasema alijua ni mimi tangu juzi, maana Kesho anakiri kosa huku mimi ndiye ninayetokwa jasho. Nikataka ardhi inimeze. Akasema, “Baba, ukitaka nije, niite tu.” Akaahidi kuja kila Jumapili, sketi iwepo isiwepo.

Nilitaka kumjibu neno la maana. Nikamuuliza kama atakunywa chai. Amekaa mpaka jioni, tumefunga feni pamoja, tukabakiwa na skrubu mbili tusizojua za wapi. Feni inazunguka, hatukuuliza zaidi. Nimefurahi hadi kifua kinauma. Ujanja nimeacha rasmi. Ukimhitaji mtu, mwambie, basi.

Jumatatu, 12 Januari
Shule imefunguliwa. Nyumba kimya. Jumapili mbali mno.

Nimefikiri. Ahadi ya mtoto ni ahadi, sikatai. Lakini akipata marafiki je? Akipata mafua je? Lazima pawe na sababu. Nimempigia mama yake, nikamwambia kitabu cha Hisabati kimeadimika mjini kote, kikipatikana mtoto aje kwangu akichukue. Akasema nisihangaike, Bwana Honi yuko njiani, atapita duka la vitabu aangalie.

Nimetoka mbio na ndala, moja imebaki barabarani. Nimemtangulia! Nimenunua vitabu vyote vya Hisabati vilivyokuwa rafuni, kwa ile pesa ya sare. Muuzaji akaniuliza kwani nina watoto wangapi.

Nikamwambia ninaye mmoja, wa Jumapili.