Mbwa wa Loresho na Safari ya Ureno

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mwaura na mkewe Waringa wamerudi. Wiki kumi Ulaya! Jana baada ya ibada picha zilizunguka simu hadi simu: Waringa na aiskrimu, Mwaura kwenye ngazi za kanisa kuukuu, Mwaura na kofia ya kipumbavu. Ni wastaafu kama sisi. Pensheni yake haizidi yangu. Siri yao: kuna mtandao ambapo Wazungu wanaosafiri hutafuta mke na mume watu wazima wa kuwatunzia nyumba na wanyama. Unalala bure, unalisha paka, unaenda kuona bahari.

Mke wangu Milcah aliishika simu ya Waringa muda mrefu. Nilimwahidi Ulaya mwaka wa 1987, tukiwa wachumba. Sasa magoti yanamsumbua hata akipanda ngazi za fleti yetu hapa Kabiria. Tusipoenda mwaka huu hatuendi tena. Nilijisikia vibaya sana. Kisha nikajisikia mwerevu.

Nimejiandikisha. Nimeandika kwamba nimefuga mbwa maisha yangu yote. Kwa kweli nawaogopa tangu mmoja aniume pale Ngara, lakini hilo hawakuuliza.

Jumanne, 4 Machi

Jibu! Bi Teresa, mjane wa Ureno. Nyumba karibu na bahari, mbwa mmoja mzee, miezi mitatu kuanzia Juni. Amependa sura zetu. Atapiga simu ya video Jumamosi saa nne asubuhi. Anataka kutuona na mbwa tunayemtunza, ndipo aamue. Kuna wengine watatu kwenye foleni.

Sina mbwa.

Milcah akauliza kwa nini nisimwambie mama wa watu ukweli. Nikamjibu kwamba ukweli haujawahi kumpandisha mtu ndege. Akashusha pumzi, akampigia Daktari Ndanu wa mtaa wa Loresho, ambaye Milcah alikuwa mwalimu wake wa chekechea enzi hizo. Kumbe Ndanu anaenda mazishi Machakos, Alhamisi hadi Jumapili, na hana wa kumwachia mbwa wake. Mpango wangu unakwenda vizuri.

Alhamisi, 6 Machi

Loresho. Niko peke yangu, Milcah ana mkutano wa chama cha akina mama. Mbwa anaitwa Biskuti. Ni wa kahawia, na analala kwenye kochi. Kwenye kochi! Ndanu ameacha karatasi tatu za maagizo. Sikuzisoma. Mbwa ni mbwa. Kila mtu anajua sheria: mchana anafungiwa, usiku anafunguliwa alinde. Nimemfungia stoo kutwa, akalia mpaka jirani akachungulia juu ya ua. Jioni nimemtoa nje, nikamwekea ugali na omena, nikafunga mlango. Kochi nimelichukua mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Hayupo!

Chini ya geti kuna nafasi ambayo mbwa anaweza kupita. Ugali haukuguswa. Nimezunguka Loresho yote nikiita Biskuti, Biskuti, watu wakidhani nauza. Soja wa geti la pili alinishangaa. “Mzee, mbwa ya daktari hulala ndani. Sasa wewe ulimtoa nje ya nini?”

Saa sita. Hayupo. Milcah alipiga simu kuuliza habari, nikamwambia Biskuti anapumzika. Nikamwambia pia asisumbuke kuja leo. Akasema sawa, akakata.

Saa nane nikapata akili. Musili, mwenye bucha kule Kabiria, ana mbwa wa kahawia. Nilimwendea, akanipa pamoja na kamba, akanionya nisimguse akila. Mtu wa bodaboda akamwangalia yule mbwa, akaondoka bila kusema kitu. Tumetembea kwa miguu mpaka Loresho, mwendo wa saa mbili na nusu, yeye mbele, mimi navutwa. Nimemwogesha kwa shampuu ya Ndanu. Amenirarua mkono wa shati. Lakini kwa mbali anafanana.

Jumamosi, 8 Machi



Saa nne kamili Teresa akatokea kwenye simu, mwenye tabasamu. Akauliza Milcah yuko wapi. Nikasema yuko jikoni. Akamsifu mbwa, akasema anaonekana ana nguvu. Akaniomba nimpapase. Nikanyoosha mkono taratibu. Mbwa wa Musili akaonyesha meno yote aliyopewa na Mungu.

Hapo mlango ukafunguliwa. Milcah! Na kwenye mikono yake, amefungwa kwa leso kama mtoto mchanga, Biskuti mwenyewe.

Nilichojua baadaye ni hiki: Biskuti huvaa kibati shingoni chenye namba ya Ndanu. Muuza mboga wa Kangemi alimpata, akapiga, Ndanu akiwa mazishini. Ndanu akampigia mwalimu wake. Milcah alijua tangu jana asubuhi.

Mbwa wawili wakaonana. Ikawa vita. Meza chini, maua chini, simu chini inaangalia dari, mimi juu ya kochi namwita Mungu kwa Kijaluo. Milcah akasema neno moja tu, kwa sauti ya chekechea: “Kaa!” Mbwa wote wawili wakakaa. Na mimi nikakaa.

Kisha akaokota simu, akamwambia Teresa kila kitu, mpaka habari ya Ngara. Nilitamani sakafu inimeze.

Jumapili, 9 Machi

Barua pepe! Teresa anasema alicheka mpaka akalia. Wale wengine amewaondoa. Anamtaka Milcah, na Milcah aje na yeyote anayemtaka, hata mume, mradi asimkaribie mbwa.

Nilikimbia nikamwonyesha. Nikaanza kupanga masanduku. Milcah akasoma mara mbili, akavua miwani, akasema ataenda na dada yake Joyline. Nikamkumbusha wazo lilikuwa la nani. Akaniangalia bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

“Baba Veronicah, miaka thelathini na minane nimengoja unipeleke. Wacha nijipeleke.”

Akaenda kwa Waringa kuuliza viatu vizuri vya kutembelea. Nikabaki naosha vyombo. Nimelia kidogo. Nitasema ni kitunguu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetafakari usiku kucha na kosa nimeliona. Ni mbwa! Mnyama wa miguu minne atakutoroka tu. Nyuki je? Nyuki huenda na kurudi wenyewe.

Kuna mzee kule Slovenia anatafuta mtu wa kumwangalizia mizinga Juni na Julai. Nimemwandikia kwamba ukoo wetu ni wa warina asali tangu enzi za babu. Kutoka kwake nitapanda basi hadi Ureno, nigonge mlango, Milcah anikute nimesimama na mtungi wa asali.

Mzee anataka kuniona kazini kwa video, Alhamisi. Rafiki yangu Jamleck ameshanipatia mzinga, pamoja na nyuki wake. Unafika kesho saa tatu, Milcah akiwa sokoni. Utakaa balkoni, pale anapoanika nguo.