Mke Wangu Arudishwe Mwembamba

Gulwe,
9 Februari 1954

Bwana Shauri mheshimiwa, mkuu wa wilaya yetu,

Natumaini hujambo, wewe na bibi na mbwa wenu. Mimi ni mkulima wa hapa Gulwe, na kodi nimelipa. Nakuandikia kwa masikitiko makubwa kuhusu mke wangu Dorkasi. Mwaka jana alianza kuzungumza na watu tusiowaona, Serikali ikamlaza katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Dodoma. Nilimkabidhi mwembamba. Jumapili nilipokwenda kumtazama nilimpita uani nisimtambue, kwa jinsi alivyonenepa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nimeaibishwa. Baba mkwe wangu, Mzee Bartolomayo, nilikuwa naye. Wakati wa kurudi aliwaeleza abiria wote wa treni kwamba binti yake hakuwa na wazimu, alikuwa na njaa.

2. Shingo yake imefanya pingili. Mke wa namna hiyo ni wa mtu mwenye ng'ombe. Mimi nina mbuzi wawili, na mmoja anakohoa.

3. Wanawake wa hapa wamepata habari. Jirani yangu sasa anasemezana na vyungu vyake, na shangazi yangu, mwenye akili timamu kabisa, ameniuliza kwa siri wazimu unaanzaje.

4. Wazee wamekaa, wakakata shauri kwamba mume ni yule anayelisha. Basi mume wa Dorkasi ni Serikali. Mzee Bartolomayo anauliza Serikali italeta lini ng'ombe wa mahari, na nani atakuja kumwamkia, maana yeye hapokei shikamoo ya karani. Nami sijui tena mimi na wewe tuitane nani.

Kwa hiyo naomba Dorkasi apunguzwe mpaka alivyokuwa, kisha arudishwe upesi. Ikishindikana, Serikali ije kuposa kama watu wengine.

Unisalimie karani, askari wa mlangoni na wauguzi wote, ingawa wao ndio wenye makosa.

Ni mimi raia wako mtiifu, niliyedhulumiwa,
Yotham Chidawali

Nimesahau: tafadhali wasimrudishe kabla ya mavuno. Ghalani tumebakiza vumbi. Jumapili ile, mzee alipokwenda kunywa maji, Dorkasi alinitazama mbavu, akanipenyezea ugali wake wote chini ya kanga. Aliniambia, "Kula, baba Emilia, mimi kesho watanipa tena." Nilikula wote, Bwana Shauri. Nampenda mke wangu. Mwacheni huko huko anenepe.