Mwombajiwa Ni Nani?

Jumatatu, 9 Juni 2025

Siku ya kwanza ofisini kwa Shangazi Diana. Baridi kali. Mlima Meru haujaonekana tangu shule zifungwe. Umejifunika blanketi la mawingu, nauonea wivu.

Nimekuja kwa hiari yangu. Niliandika hata barua ya maombi, ingawa tunakaa nyumba moja. Shangazi aliisoma huku anakaanga ndizi, akasema karibu Eunike, ila usiguse kitu.

Ofisi ni vyumba viwili Elerai, juu ya duka la dawa. Wakili ni mmoja tu, yeye. Hachukui talaka wala ugomvi wa mipaka ya shamba. Anachukua kampuni zinazoshtakiana, zenye mikataba minene kiasi cha kuzuia mlango. Kuna mmoja kweli unazuia mlango.

Kuna pia Tajeu. Anasoma sheria chuo kikuu, yuko hapa kwa mafunzo ya vitendo. Suti ya bluu. Viatu vyenye ncha. Nilipomwona nilichanganyikiwa nikamwamkia shikamoo. Ana miaka ishirini na mbili! Aliitikia marahaba bila aibu, akauliza chai iko wapi.

Lengo langu: Ijumaa Shangazi anakwenda mbele ya jaji, na kwenye meza ya mawakili kuna kiti kimoja cha mtu wa kumshikia mafaili. Tajeu anaamini ni chake. Sifa zangu: A ya Kiswahili, na kamusi nimeisoma yote kutoka A hadi L. Udhaifu wangu: mbele ya watu kuanzia wawili sauti inakauka.

Jumanne, 10 Juni

Leo nimemwona mteja. Mama Elieshi, wa juu kule Tengeru, kitenge na sweta la kijani. Ana kampuni ya kununua parachichi kwa wakulima arobaini na wawili na kuzipeleka nje. Huzihifadhi kwenye chumba cha baridi huko Usa River, ambacho ni mali ya kampuni nyingine inayoitwa Baridi Safi. Baridi Safi nao wanaweka humo maua yao ya waridi.

Wiki iliyopita waridi zilinyauka. Baridi Safi wakasema parachichi zinapumua hewa inayozeesha maua. Wakapiga kufuli. Parachichi zote zimebaki ndani, eti ni ushahidi, zisiguswe mpaka kesi iishe. Kesi za namna hii huisha baada ya miaka.

Kontena la Mama Elieshi linaondoka Jumamosi asubuhi. Likiondoka tupu, mavuno ya wakulima wote yameoza, na mnunuzi hatarudi tena. Kwa hiyo Shangazi anaomba amri moja ya dharura: kufuli lifunguliwe kabla ya Jumamosi. Mengine yatabishaniwa baadaye.

Mama Elieshi alieleza haya kwa utulivu. Halafu akauliza, mwanasheria, hivi parachichi inaweza kuwekwa rumande? Hakuna aliyecheka. Alikuwa anauliza kweli.

Nilitaka kusema kitu cha kumfariji. Nilikuwa nimeandaa sentensi nzuri sana. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Pole na hongera." Hongera! Tajeu alikohoa mpaka akatoka nje. Tangu hapo ananiita Profesa Pole-na-Hongera.

Mpango wangu wa kwanza umekufa. Wa pili utakuwa wa kimya kimya, wa maandishi, ambako mimi ni simba.

Jumatano, 11 Juni

Nafasi imejitokeza! Naandika haraka.

Siku hizi Shangazi anaandika hati za mahakama kwa Kiswahili. Yeye alisomea sheria kwa Kiingereza, kwa hiyo anateseka. Hati ya maombi aliiandaa Tajeu, kurasa kumi na tisa. Shangazi aliipitia saa saba mchana akiwa na simu mbili masikioni. Akasema iko vizuri, ila Tajeu ameandika mdai na mdaiwa kama kwenye kesi ya kawaida. Hii ni hati ya maombi. Mdai awe mwombaji. Mdaiwa awe mjibu maombi. Rekebisha, iingie kwenye mfumo wa mahakama kabla ya saa kumi. Akatoka kwenda kumwona Mama Elieshi.

Tajeu akasema njaa inamuuma, sheria haiwezi kusomwa juu ya tumbo tupu. Akashuka kula chipsi mayai.

Kompyuta ilikuwa wazi. Mimi na kurasa kumi na tisa. Najua niliambiwa nisiguse kitu. Lakini kompyuta si kitu, ni kifaa.

Kubadilisha neno moja moja ni kazi ya watu wasiosoma maelekezo. Mimi nilitumia ile njia ya kuamuru kompyuta ibadilishe yote kwa mpigo. Palipo na mdai, weka mwombaji. Nikabonyeza. Sehemu sitini na moja, sekunde moja! Nilijisikia kama nimeinua gari.

Kisha nikaamuru: palipo na mdaiwa, weka mjibu maombi. Kompyuta ikajibu kwamba neno mdaiwa halimo. Hata moja. Nikatafakari, nikaelewa: Tajeu alishayabadilisha yote kabla ya kwenda kula. Kwa mara ya kwanza nikamheshimu.

Aliporudi nilimwambia nimemalizia. Akauliza, una uhakika, Profesa? Nikamwambia ninayo A. Akaiingiza kwenye mfumo bila kusoma, anajifuta mafuta vidoleni. Saa tisa na dakika arobaini. Shangazi aliporudi akatusifu wote wawili. Wote wawili! Inauma, lakini kiti kinakaribia.

Alhamisi, 12 Juni

Mwisho wa maisha yangu.

Asubuhi nilichukua nakala iliyochapishwa ili nifurahie kazi yangu. Ukurasa wa kwanza, mstari wa nne: "Mwombajiwa alipiga kufuli." Nikasoma tena. Ukurasa wa pili: "Waridi za mwombajiwa zilinyauka zenyewe." Ukurasa wa tisa: "Mwombajiwa hana utu."

Nimekaa sakafuni. Mdaiwa ni mdai na wa. Ile mdai ya ndani ya mdaiwa nayo imegeuka mwombaji, na wa ikabaki inaning'inia nyuma kama mkia. Ndiyo maana kompyuta haikumwona mdaiwa. Nilikuwa nimeshamla. Mara thelathini na nne.

Mwombajiwa! Mtu gani huyo? Hayumo kwenye sheria yoyote. Hayumo duniani.

Nikajaribu kuokoa. Kuna chupa ya rangi nyeupe ya kufutia makosa. Nikafuta kwenye nakala tatu za ofisini, nikaandika juu yake kwa kalamu kwa mwandiko mdogo. Nimemaliza chupa nzima. Kurasa zimekuwa ngumu kama chapati za jana. Ndipo nikakumbuka kwamba jaji anasoma kwenye mfumo, si kwenye chapati zangu. Na wakili wa Baridi Safi pia.

Nilikwenda mara nne mlangoni kwa Shangazi kukiri. Mara ya kwanza alikuwa na Tajeu, yaani watu wawili, sauti ikakwama. Mara ya pili alikuwa peke yake, nikamuuliza kama anataka chai. Mara ya tatu nikampelekea chai. Mara ya nne nikachukua kikombe.

Basi nimeandika barua. Kurasa tatu, yenye utangulizi, kiini na hitimisho. "Shangazi mpendwa, awali ya yote natumaini u mzima wa afya." Nimeichomeka kwenye faili lake la kesho, mbele kabisa, aikute atakapoliangalia jioni.

Baadaye: Hakuliangalia jioni. Alilala na faili mapajani, likiwa limefungwa.

Ijumaa, 13 Juni

Mahakamani. Kiti kilikwenda kwa Tajeu. Mimi nilikaa nyuma na Mama Elieshi, ambaye alinishika mkono bila kujua ameshika mkono wa nani.

Saa nne jaji akaingia. Wakili wa Baridi Safi, mzee mwenye tai nyekundu, akasimama kabla ya wote. Ana pingamizi la awali. Akatoa kamusi kwenye mkoba. Kamusi! Akaifungua kwenye herufi M, ambayo sijaifikia. Akasema ametafuta usiku kucha mtu anayeitwa mwombajiwa na hakumpata, wala kwenye sheria za nchi. Mteja wake ni kampuni inayojulikana, si kiumbe cha kubuni. Hati hii haifai, itupwe, wenzake wakaandike nyingine wiki ijayo.

Wiki ijayo! Na kontena linaondoka kesho asubuhi.

Tajeu akageuka kuniangalia. Uso wake ulikuwa na rangi ya suti. Shangazi akafungua faili kutafuta hati, na cha kwanza alichokutana nacho ni awali ya yote natumaini u mzima wa afya.

Akaisoma. Amesimama. Kurasa zote tatu, huku mzee akiendelea kuhutubia. Alipofika hitimisho alikunja barua mara nne, akaitia mfukoni mwa joho. Nikaanza kupanga maisha mapya, labda kufuga mbuzi.

Zamu yake ikafika. Akasema, Mheshimiwa Jaji, hilo ni kosa la uchapaji la ofisi yangu na naomba radhi. Lakini wakili msomi mwenzangu ametumia dakika kumi na nane kumtetea mwombajiwa. Kama mteja wake ndiye mwombajiwa, basi ameelewa vizuri kabisa anaambiwa nini. Na kama siye, aketi, maana kufuli la mwombajiwa halimhusu.

Jaji akajifunika uso kwa karatasi. Karatasi ikatikisika.

Kisha akasema kosa la uchapaji haliozeshi hati, ila parachichi zinaoza. Shangazi arekebishe kwa kalamu mbele yake. Mara thelathini na nne, na sahihi kila mahali. Parachichi chache zibaki kuwa ushahidi, nyingine zote zitoke. Mwombajiwa, samahani, mjibu maombi, afungue kufuli kabla ya saa kumi jioni.

Mama Elieshi alinikumbatia mpaka miwani yangu ikaruka. Akasema, mwanangu, yule mwombajiwa ametuokoa, alijaa midomoni mwao wakasahau kutupiga. Nikamwambia ni wangu. Niliweza! Kwa sauti! Watu walikuwa wengi!

Shangazi aliendesha gari mpaka Elerai. Pale akasema mambo mawili. Moja, barua ilikuwa nzuri, ila habari ya kuokoa maisha ya watu haianzi na kuulizia afya. Mbili, nisiandike wala kurekebisha maneno yoyote yanayotoka nje kabla mtu mzima hajayasoma, moja moja, kwa kidole. Niliapa. Tajeu naye aliapa, ingawa hakuulizwa.

Jumapili, 15 Juni

Kontena liliondoka jana asubuhi, limejaa. Usharikani leo Mama Elieshi alinivuta pembeni baada ya ibada. Ana shida ndogo. Maboksi ya mzigo ujao yanahitaji vibandiko vipya, elfu nne, na kwa kuwa mimi ni mtu wa maneno, ningemwandikia?

Nilikumbuka kiapo. Lakini niliapa kuhusu hati, na kibandiko si hati. Kibandiko kina gundi.

Nimekaa nacho mchana kutwa. "Mnunuzi" na "bidhaa" ni maneno yaliyochoka. Kuna mdai na mdaiwa, kuna mshitaki na mshitakiwa, lugha inapenda jozi. Kwa hiyo kila boksi litakuwa na mistari miwili. MLAJI: halafu nafasi ya jina la mteja wa Ulaya. MLIWAJI: PARACHICHI.

Nimeshamtumia mchapaji wa Mama Elieshi kwa simu. Anaanza kesho alfajiri. Shangazi nitamwonyesha vikiwa tayari, vyote elfu nne, asome kwa kidole.