Kitambaa Chekundu na Mlango wa Launji

Jumanne, 4 Juni

Mambo yameiva! Kesho naondoka na mama mkwe. Shemeji yangu, kitindamimba wao, anaolewa Jumamosi huko ng'ambo, na gauni lake limo ndani ya sanduku la mama mkwe. Mama kalishona mwenyewe, kwa mkono, miezi minne. Gauni jingine hakuna. Mke wangu ametangulia wiki iliyopita na kuniachia maagizo mawili: mlete mama, lilete gauni. Eti nisiongeze la tatu. Dharau gani hii?

La tatu nilikwisha kuliongeza siku nyingi. Ipo ndege ya tiketi moja, inafika upesi, safari ya watu wasio na ndoto. Mimi nimekata tiketi mbili za mashirika mawili, ili katikati tukae saa ishirini na nane kwenye kiwanja chenye launji inayosifiwa kila mahali. Launji ndiyo sebule ya wakubwa: makochi, bafu, chakula usichopimiwa, na mtu wa kukupokea koti. Nimekata picha yake gazetini, nimeibandika ndani ya kabati la ofisi, naisalimu kila asubuhi. Mkuu wetu wa masjala ana kadi ya kuingilia. Yuko likizo, kadi ilikuwa kwenye droo yake, nimeiazima. Ni ya mtu mmoja. Tutaingia kwa zamu. Mimi kwanza, nikague.

Wakala wa tiketi alinichosha kwa maneno. Akasema kwa tiketi mbili sanduku litashushwa katikati, na kulifuata lazima tuvuke mpaka wa uhamiaji, na kuvuka kunataka viza ya kupita, ambayo hatuna. Akanipa karatasi ya kukiri kwamba nimeelezwa. Nikatia saini. Mtu wa masjala hakatai karatasi. Kuisoma ni kazi ya idara nyingine.

Kwa tahadhari nimejiandikia barua kwamba mwenye barua hii ni mtu muhimu sana, nikaigonga muhuri wetu wa IMEPOKELEWA. Muhuri wenyewe nimeutia kwenye begi la mkononi. Miaka kumi na tisa kazini, sijaona mlango unaokataa muhuri.

Jumatano, 5 Juni

Aibu ya kwanza, kabla hata ya kupanda ndege. Mama mkwe amefunga kitambaa chekundu kwenye mpini wa sanduku. Kipande cha kitambaa kikuukuu, fundo kubwa kama ngumi! Akasema ni ili alitambue kwa mbali. Nikamwitikia vizuri, mkwe hapingwi. Alipokwenda kunawa nikakifungua, nikakitia mfukoni, na mahali pake nikaning'iniza kibandiko cha dhahabu chenye neno KIPAUMBELE, nacho cha kutoka kwenye droo ya Mkuu. Sanduku likapata hadhi. Yeye aliporudi lilikuwa limeshamezwa na mkanda wa mizigo. Hakujua kitu. Kazi safi!

Ndani ya ndege mama mkwe hana haya. Kamsalimia kila mtu. Kabla hatujaacha ardhi alikuwa anajua jirani yake ana watoto wangapi na nani kati yao hapendi shule. Mimi nimejifanya nimelala. Mtu wa launji hazungumzi ovyo.

Alhamisi, 6 Juni, asubuhi

Tumefika! Nimemwacha mama mkwe kwenye benchi na kikapu chake, nikaenda kukagua.

Milango ni ya vioo, inafunguka yenyewe, na harufu ya kahawa inatoka kukulaki. Nyuma ya meza kasimama dada mmoja wa mapokezi, skafu shingoni, tabasamu halipungui wala halizidi. Nimempa jina la Bi Tabasamu. Nikamkabidhi kadi kama mtu aliyechoka na kadi. Akaitazama, akanitazama. Kumbe ina picha ya Mkuu, na Mkuu ana upara. Nikamwambia nywele zimeota. Akanipa hongera kwa moyo wote, kisha akaniomba pasipoti.

Nikatoa barua. Akaisoma yote, neno kwa neno, jambo ambalo halijawahi kutokea ofisini kwetu. Akauliza kwa upole, ikiwa barua imeshapokelewa, yeye aipokee tena ya nini? Nilitaka kumpigia makofi. Nimekataliwa na watu wengi maishani, lakini huyu kanikataa hata nikamshukuru na kumtakia siku njema. Nilikuwa nimeshapita milango ndipo nikakumbuka kwamba nimefukuzwa. Msichana hodari! Angekuwa masjala kwetu, faili zisingepotea.

Alhamisi, mchana

Mambo yameharibika.

Nimekwenda dawati la shirika la pili kuchukua pasi za kupandia ndege ya kesho. Karani akauliza sanduku liko wapi. Nikasema ninyi ndio mnajua. Akauliza tumekuja na shirika gani, akasema basi liko nje ya mpaka, kwenye mkanda, linazunguka peke yake. Nikalifuate. Viza? Sina. Viza huchukua siku tatu. Ndege ni kesho saa tano asubuhi. Arusi keshokutwa. Mama yangu!

Nikaenda uhamiaji, nikadai kuonana na mkubwa wao. Akaja Afisa mmoja mwembamba mwenye subira. Nikampa barua. Nilikuwa nimeibania kipande cha namba ya sanduku, ili vyote viwe mahali pamoja, ndivyo tufanyavyo masjala. Akaichukua na kipande chake. Kisha akafungua begi langu na kukuta muhuri. Msafiri hana viza, ana muhuri. Hata mimi ningejikamata.

Nimekaa saa mbili kwenye kiti cha plastiki. Wameugonga muhuri ule kwenye karatasi tupu mara sita, wakaitana kuuangalia. Nikaeleza kwamba ni wa kupokelea barua za maji taka na likizo ya uzazi. Afisa akafikiri sana. Akasema kama ningetaka kughushi ningeleta kitu cha maana zaidi. Nimeachiwa. Muhuri na barua vimebaki kwake mpaka kesho asubuhi nitakapoondoka.

Nikarudi kwenye benchi. Mama mkwe hayupo! Nikakimbia huku na huku, jasho linanitoka. Nikapita mbele ya launji. Hamadi! Yumo ndani! Kaketi kwenye kochi, miguu juu ya kigoda, kikombe mkononi, anacheka na bibi mmoja mwenye fimbo. Kumbe walikutana bencheni, wakaulizana habari za magoti, na yule bibi ana haki ya kuingia na mgeni wake. Mama mkwe akanipungia mkono. Nikajaribu kuingia. Bi Tabasamu akanisikitikia kweli kweli: mgeni ni mmoja tu.

Mama mkwe kaniletea yai la kuchemsha ndani ya kitambaa cha karatasi, na chumvi yake pembeni kafunga mbali. Nimelila nimesimama.

Alhamisi, alasiri

Imenibidi nimwambie habari ya sanduku. Nilitafuta maneno ya kiofisi, sikuyapata. Nikangoja anitukane, anayo haki. Akajifunga kanga yake vizuri, akasimama.

Na hapa lazima niandike, hata kama mkono hautaki. Mimi kutwa nzima nilikuwa nauliza mkubwa wenu nani. Yeye kamuuliza mfagiaji, baada ya kumpa pole ya kazi, ni nani hapa anayeyashika masanduku kwa mikono yake. Mfagiaji akamwelekeza kwa muuza chai, muuza chai akampigia simu mtu, na haikufika nusu saa akapanda ngazi baba mmoja mpakiaji mizigo, koti la kung'aa, glavu kwapani. Kuuliza si ujinga, tunaimba toka utotoni. Mimi nilikuwa nauliza cheo, yeye anauliza kazi!

Yule baba akasema inawezekana. Karani wa shirika akikubali, yeye atalichukua sanduku huko nje na kulipeleka moja kwa moja kwenye ndege ya kesho. Mama mkwe akamgeukia karani, akamweleza ukweli mtupu, bila barua, bila muhuri: mtoto wangu anaolewa, gauni limo humo, mkwe wangu amekosea tiketi. Karani akakubali. Ukweli! Hilo sikuwa nimelifikiria.

Wakataka namba ya sanduku, maana mashine yao haioni mizigo ya shirika jingine. Namba iko na barua, barua iko kwa Afisa, na Afisa kamaliza zamu, kafunga kabati, kaenda kwake. Mama mkwe akasema si neno, sanduku ni la kahawia, na lina kitambaa chekundu kwenye mpini.

Mfukoni mwangu kukawa na moto.

Yule baba akashuka. Akarudi baada ya robo saa. Masanduku ya kahawia tele, lenye kitambaa chekundu hakuna. Mama mkwe akamwomba aangalie tena, fundo ni kubwa, halikosi kuonekana. Akashuka tena. Nikajiambia litaonekana tu. Nikajiambia kitambaa kingeweza kudondoka chenyewe. Akarudi mikono mitupu, anapumua. Akasema amebakiza dakika kumi zamu yake iishe, na wa zamu ijayo hamjui.

Mama mkwe akakaa. Tangu nimwoe binti yake sijawahi kuona mikono ya mama huyu ikihangaika. Sasa ilikunja na kukunjua ncha ya kanga. Akasema polepole, kama anajisemea, kwamba mtoto huyu hajawahi kumwomba kitu, amesoma kwa viatu vya dada zake, ameomba gauni tu.

Njia ya mwongo ni fupi; yangu iliishia hapo hapo. Nikakitoa kitambaa. Nikasema yote: kibandiko, droo, launji, picha ya kabatini. Machozi yalinitoka mbele za watu, mtu mzima mimi, na sioni haya kuandika kwamba nilijiona mdogo kama sisimizi.

Mama mkwe akakitazama kitambaa. Akasema tu kwamba ningesema mapema, baba wa watu asingepanda ngazi mara tatu. Basi! Hakuongeza. Yule baba akapasuka kicheko, maana masanduku ya KIPAUMBELE huwekwa kwenye chumba chao peke yao, na hakuwa ameingia humo. Mama mkwe akampa kitambaa. Baada ya dakika saba tukamwona chini, ng'ambo ya kioo, ameliinua sanduku juu ya kichwa, kitambaa chekundu kimerudi kwenye mpini. Mama mkwe akaweka kiganja kwenye kioo. Nimeoa kwa watu, wallahi. Nimeoa kwa watu!

Ijumaa, 7 Juni

Nimerudishiwa muhuri wangu. Afisa kaufuta wino vizuri kabla ya kunipa, mtu mstaarabu. Tulipokuwa tunaelekea kwenye ndege, Bi Tabasamu alitoka nje ya meza yake kuja kumuaga mama mkwe. Mimi aliniuliza kama nywele zinaendelea vizuri.

Tumefika. Sanduku limetoka la tatu, kitambaa chake chekundu kinapepea. Mke wangu akamkumbatia mama yake, kisha akanikazia macho na kumuuliza mama safari ilikuwaje. Nikafumba macho. Mama mkwe akasema safari ilikuwa njema na mkwe wake hakumwacha hata hatua moja. Mke wangu akanibusu!

Jumamosi, 8 Juni

Gauni! Sijui niandike nini. Shemeji alipotokea mlangoni vigelegele vikavunja masikio. Halikuzidi wala halikupungua pahali. Mama mkwe aliketi mbele, mikono imetulia mapajani, na nilimtazama yeye kuliko bibi arusi.

Nimeombwa kusema machache kwa niaba ya wakwe. Nikasimulia habari ya sanduku. Nilikusudia kusema ukweli mtupu, kama nilivyofundishwa. Nilipofika kwenye uhamiaji nikajikuta nimemnyamazisha Afisa kwa hoja tatu, na kwenye launji nimewakatalia wao. Watu wakashangilia. Wa kwanza kupiga makofi alikuwa mama mkwe.

Jumapili, 9 Juni

Nimepata fununu kubwa. Shangazi wa bwana arusi anasema ipo njia nyingine ya kurudia, yenye kiwanja ambacho launji yake ina viti vya kukanda mgongo. Vinakanda vyenyewe! Nimeshabadilisha tiketi. Tiketi mbili, saa thelathini na tano katikati. Wakala wa huku naye kanipa karatasi ya saini, nikatia. Nywele nitazinyoa kesho asubuhi, zifanane na picha. Mtu hujifunza.

Mama mkwe ameomba tiketi yake itenganishwe na yangu. Atarudi kwa ndege ya moja kwa moja na mke wangu, eti wasinisumbue. Moyo ulioje! Kakumbuka kwamba kadi ni ya mtu mmoja.

Jioni amekuja chumbani nikifunga mizigo. Kitambaa chekundu mkononi. Kakifunga kwenye mpini wa sanduku langu kwa mikono yake mwenyewe, fundo lile lile kama ngumi, kakivuta mara mbili kuhakikisha. Akasema mwanangu, safari hii utakuwa peke yako, angalau wakujue. Sauti yake ilikuwa ya upole mno. Nimeguswa, nimemshika mikono, nimemwambia sitakifungua mpaka nyumbani.

Fundo limenichukua nusu saa. Ilibidi nitumie meno. Lakini kibandiko cha dhahabu kimekaa vizuri sana.