Mama Mkwe Kwenye Pedeli ya Breki

Jumatatu, 9 Septemba

Mtoto kalala. Mikono inanuka uji. Naandika haraka.

Leo nimepeleka gari kwa fundi Ayubu, hapa hapa Nguvumali. Kachungulia kikopo cha mafuta ya breki, akasema yamechakaa, yamekuwa meusi kama kahawa ya jana, yabadilishwe. Nikamuuliza itachukua muda gani. Naye akaniuliza mzee yuko wapi, azungumze naye. Mzee! Dereva ni mimi. Mume wangu Rahimu hata leseni hana!

Nikafunga boneti, nikaondoka. Nimenunua mafuta mapya. Video nimeitazama mara tatu, ya tatu nikinyonyesha. Kazi nyepesi. Mmoja anakanyaga pedeli, mwingine yuko gurudumuni na spana. Nitafanya mwenyewe.

Rahimu nimemwambia gari liko kwenye mikono salama. Sikumwambia mikono ya nani.

Jioni Mama Godlisten, jirani yangu, kaniita uani. Jumamosi sote tunakwenda Moa, kwenye akika ya mtoto wa wifi yangu. Kasema kama gari langu bovu, katika Noah yake kuna nafasi, kiti cha nyuma kabisa, pamoja na mkungu wa ndizi. Nikamjibu kwa upole kwamba Jumamosi atakayekaa na ndizi ni yeye, na ndani ya gari langu. Kacheka mpaka kanga ikamdondoka.

Sasa lazima.

Jumanne, 10 Septemba

Spana namba kumi imepotea. Nimetafuta asubuhi nzima. Ilikuwa ndani ya sufuria ya uji. Nimemuuliza mwanangu Rama, miaka miwili, nani kaweka. Kasema paka. Hatuna paka.

Wakati wa kumimina mafuta mapya mkono uliteleza, mengine yakamwagikia ubavu wa gari. Nikasema nitafuta baadaye, mtoto analia. Baadaye rangi ilikuwa imevimba na kubanduka! Video haikusema kwamba mafuta ya breki yanakula rangi. Au ilisema nikiwa nabadilisha nepi.

Nimebandika stika ya Mashaallah juu yake. Imependeza. Mama Godlisten kauliza mbona stika iko upande mmoja. Nimesema ndio mtindo.

Jumatano, 11 Septemba

Siku ya kazi. Msaidizi wangu ni Bi Mwanamkasi, mama mkwe. Kajitolea mwenyewe, kavaa na baibui safi. Nimemfundisha taratibu. Mama, ukanyage pedeli, ushikilie. Mimi huku nafungua nati, mafuta machafu yanatoka. Nafunga. Nikisema achia, ndipo uachie. Ukiachia nati ikiwa wazi, upepo unaingia, breki zinakufa. Kasema, "Mwanangu, mimi nimelea saba, pedeli itanishinda?"

Kakanyaga. Nikafungua. Mafuta yanatoka vizuri. Mara akapita mzee Abdulghani, akasema shikamoo bibi.

Mguu juu!

Kwani Bi Mwanamkasi salamu haijibu nusunusu. Kageuka, katoa kichwa dirishani, kaitika marahaba, kauliza mke, watoto, mguu uliokuwa unauma, na yule mbuzi. Upepo fyuuu! Nikapiga kelele, mama, mguu! Kaniambia nisimtie aibu, mtu hamjibu mwenziwe huku amekanyaga chuma kama anashona cherehani.

Tukarudia. Akapita mwuza kashata. Tukarudia. Wakapita watoto wa madrasa, kumi na moja, kila mmoja na shikamoo yake.

Mpaka magharibi pedeli laini kama mkate wa kumimina.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimeamka na akili. Tatizo ni kuonekana! Nimetundika kanga madirishani, pande zote, mama ndani. Asiyeonekana hasalimiwi.

Dakika kumi tu, jirani wa kwanza akaja kuuliza kwa sauti ya chini nani anaumwa. Gari limefunikwa kanga, bibi amelala ndani, mkwewe chini gurudumuni analia. (Nilikuwa nimeingiwa na mafuta jichoni.) Wa pili akaja na maji ya ndimu. Wa tatu alikuwa Shekhe mwenyewe, kaja kusoma dua. Bi Mwanamkasi kaitikia pole zote, moja moja, mguu juu. Mwisho kafungua mlango na kuwakaribisha chai.

Chai nimepika mimi.

Pedeli sasa inagusa sakafu. Mama Godlisten kapita na kusema ndizi zimeiva vizuri.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimekaa kwenye ndoo, nikalia kidogo. Rama kaja kunifuta machozi kwa kitambaa cha grisi. Nikacheka. Ndipo Mama Godlisten akatokea, akavua viatu, akaingia kwenye usukani.

Nikasema, "Achia ni pale tu nitakaposema."

Kasema, "Samiha, fungua hiyo nati, nina nguo kwenye beseni."

Ee! Mguu kama nanga. Hata mchungaji wake alipopita na kumsalimu, kamwinulia kidole tu, subiri. Magurudumu manne, mapovu yote nje. Pedeli ngumu kama jiwe! Tukakumbatiana, grisi na povu la sabuni.

Nikamwita Ayubu akague kabla ya safari, maana nabeba mama wa watu. Kakanyaga, kajaribu njiani, kashangaa. Kauliza fundi nani. Nikafungua mdomo. Bi Mwanamkasi akawahi: "Mimi!"

Jumamosi, 14 Septemba

Tumefika Moa! Mama Godlisten kiti cha nyuma, ndizi mapajani. Mama mkwe mbele. Kila alipomwona mtu anayemjua, alisema simama nimsalimie. Nimesimama mara ishirini na tatu. Breki safi, kila mara! Tumekuta masufuria yanaoshwa. Wifi katubakizia ukoko wa pilau, tumeula sote kwenye sinia moja, na ndizi. Tamu sana.

Bi Mwanamkasi anawasimulia wanawake wa Moa alivyotengeneza breki. Muache.

Wiki ijayo nabadilisha mafuta ya gia. Kazi nyepesi, video nimeshaiona nusu. Inahitaji mtu mmoja tu wa kushika tochi asitikisike. Nimemwomba mama mkwe. Na safari hii nitatundika kanga nene zaidi.