Mikosi Mitatu Mliyoitupia Harusi Yangu

Kikambala, Kilifi

Ndugu Mhariri wa kipindi cha redio cha "Siku Kama ya Leo",

Natumai u mzima pamoja na watangazaji wako, hasa yule mwenye sauti nzito, maana nina jambo naye. Mimi ni Kiponda Nzai, dobi wa hoteli hapa Kikambala. Tarehe 14 Aprili namwoa Nyakio, msusi wa Mtwapa. Au nilikuwa nimwoe. Wiki jana mlisoma matukio makubwa ya Aprili, akayasikia mikono imo kichwani mwa mteja, na tangu hapo hataki kuisikia harusi. Silali, ndugu yangu. Basi nalalamika kwa adabu kama ifuatavyo:

1. Mlisema tarehe hiyo, mwaka 1498, Vasco da Gama alitia nanga Malindi. Sikatai. Lakini shangazi yake Nyakio, Bi Caroline, keshaamua kwamba mgeni anayeingia siku hiyo huja na tabasamu kisha akarudi na mizinga. Na mgeni wa ukoo wao sasa ni mimi.

2. Hamkutosheka. Mkamleta Lincoln, rais wa Marekani, aliyepigwa risasi siku hiyo mwaka 1865 akiwa ametoka na mkewe kutazama mchezo. Mtu na mkewe! Hivi mlikosa rais kapera?

3. Kisha Titanic, mwaka 1912. Meli mpya, safari ya kwanza, ikagonga barafu. Nyakio akaniuliza ndoa ni nini kama si safari ya kwanza. Nikamwambia kutoka Mtwapa hadi Bofa, tutakakofungia ndoa, hakuna barafu ila ya kwenye soda. Hakucheka.

4. Sasa kosa lenyewe. Wote hawa yaliwakuta jua limekuchwa: Mreno alifika wakati wa magharibi, rais alipigwa usiku, meli iligonga ikikaribia saa sita ya usiku. Na sisi wa pwani, tangu enzi za mababu, jua likizama siku imekwisha. Usiku ule ni wa kesho. Kwa hiyo mikosi yote mitatu ni ya tarehe 15, nanyi mmenibandikia mimi kwa kufuata hesabu za watu wa mbali.

5. Nadai basi yule mwenye sauti nzito arudi hewani, aihamishie mikosi hiyo tarehe 15, awape pole maharusi wa siku hiyo, na vitabu vya shule virekebishwe kabla ya muhula kufunguliwa. Ureno, Marekani na wenye meli wakiwa na pingamizi, waje Kikambala. Nipo kila siku ila Jumapili.

Nisalimie mafundi mitambo, walinzi wa getini, na mama wa chai ambaye kikombe chake husikika wakati wa habari.

Wako katika dhiki za uchumba,
Kiponda Nzai

Tanbihi: Nyakio ameisoma barua hii. Akaniuliza ndoa tunafunga saa ngapi. Nikasema saa moja usiku, ndiyo nafasi tuliyopewa kule Bofa. Akanitazama. Kwa hesabu yangu mwenyewe, nasi tumo tarehe 15, pamoja na Mreno, risasi na barafu. Basi hao watatu wahesabieni kizungu, sisi mtuhesabie kipwani. Nyakio amecheka hadi akakaa chini, na asema atakuja hata mkituhesabia vipi. Kwa hivyo sijui tena nawaandikia nini, ila stempu nimeshabandika.